Nani anahitaji hita Nakivale? Mpira mdogo unaoua injini barabara ya Mbarara

*Katika nchi ya jua, hita ya gari huonekana kama pambo. Lakini mipira yake miwili hubeba maji yale yale yanayoilinda injini, na mmoja ukipasuka njiani, safari ya watu wengi hukatika.*

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa tamu, kama ya sukari inayoungua, na ilitoka upande wa injini ya Toyota Hilux kuukuu iliyoondoka Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kabla jua halijachomoza.

Nyuma kulikuwa na magunia ya maharage na abiria sita juu yake. Mbele tulibanana watatu: dereva, mwandishi wa makala haya, na mama mmoja aliyempakata mtoto, mkononi akiwa na karatasi ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara.

Tulipoanza kupanda mlima kwa gia ya pili, mshale wa joto kwenye dashibodi ulikwenda juu. Dereva akapunguza mwendo. Mara mshale ukaanguka hadi karibu na alama ya baridi, naye akashusha pumzi akidhani injini imepoa.

Kumbe injini ilikuwa imekaukiwa. Kifaa kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha hubaki hewani na kutoa habari ya uongo. Dakika haikupita, mvuke mweupe ukafumuka pembeni mwa boneti.

Utingo alikuwa ameshashuka na jerikani la maji. Dereva, mtu mzima wa kutosha kuwa baba yake, akamshika mkono na kumwambia angoje. Tukakaa pembeni karibu dakika 40, boneti wazi, magari mengine yakitupita na kutuachia vumbi.

Injini ilipopoa tulitazama. Rejeta ilikuwa nzima. Mipira miwili minene ya rejeta ilikuwa mizima. Mkanda wa feni ulikuwa mahali pake. Maji yalikuwa yametokea nyuma kabisa ya injini, karibu na ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha dereva, kwenye kimpira chembamba kama kidole gumba: mpira wa hita.

Dereva alitikisa kichwa. Tangu aishike pikapu ile hajawahi kuiwasha hita yake hata siku moja.

Maji ni yale yale

Hapo ndipo wengi hukosea. Dereva hudhani kwamba kwa kuwa haiwashi hita, mipira yake imelala tu. Ukweli ni kwamba kila injini inapowaka, mipira hiyo hujaa maji ya moto yenye mgandamizo ule ule uliomo kwenye rejeta.

Njia yake ni fupi. Pampu husukuma maji ndani ya bloku, yakapanda hadi silinda hedi yakikusanya joto. Sehemu kubwa hupita kwenye themostati na kwenda kupozwa kwenye rejeta. Sehemu ndogo huchepuka: hutoka kwenye injini kwa mpira mmoja wa hita, huingia kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kisha hurudi kwenye pampu kwa mpira wa pili.

Feni ndogo ikipuliza hewa juu ya rejeta hiyo, dereva hupata hewa ya joto. Katika pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 kuna pia koki ndogo inayovutwa kwa waya kutoka dashibodi, ya kufungua na kufunga maji hayo.

Lakini hata koki ikifungwa, mpira unaotoka kwenye injini hadi kwenye koki bado umejaa maji ya moto. Ukipasuka, maji ya injini nzima hupitia hapo hapo. Tundu dogo linatosha kuikausha injini kabla dereva hajafika kilele cha mlima.

> Usipoiwasha hita, mipira yake haipumziki. Kila injini inapowaka, nayo iko kazini.

Gari la nchi ya theluji, barabara ya vumbi

Hita ilifikaje Nakivale? Ilikuja na gari. Sehemu kubwa ya magari ya mtumba yanayoingia Uganda hutoka Japani, nchi yenye majira ya baridi kali, ambako hita si anasa. Baadhi ya pikapu zilizotengenezwa mahususi kwa nchi za joto zilitoka kiwandani bila hita, lakini zile za soko la Japani zilikuja nayo, pamoja na mipira yake, klipu zake na koki yake.

Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kupiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Sheria hiyo ilifunga mlango kwa magari makuukuu yatokayo nje, lakini yale yaliyokwisha kuingia yanaendelea kuzeeka barabarani. Hilux ya miaka ya 1990 iliyokuja kabla ya sheria bado inabeba matoke, ng'ombe, mbao na watu. Chuma chake kinaweza kuvumilia miaka mingine mingi. Mpira hauna umri huo.

Nakivale yenyewe ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya kwao. Leo yamo katika Wilaya ya Isingiro, kandokando ya Ziwa Nakivale, na yamegawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Watu wake wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu: Wakongomani walio wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Ndiyo maana Nakivale kuna maduka, mashine za kusaga, bodaboda na mafundi makanika. Na ndiyo maana kuna pikapu.

Umuhimu wa pikapu hizo umeongezeka. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) limekuwa likipunguza misaada kwa kuwagawa wakimbizi katika makundi kulingana na mahitaji yao. Familia iliyopunguziwa mgao hutegemea zaidi kipande chake cha shamba, na shamba halina faida bila gari la kufikisha maharage na mahindi kwa mnunuzi wa Mbarara.

Barabara ya kutoka Nakivale hadi Mbarara ni ya kilomita 50 na ushei, vumbi kwanza, kisha lami ya barabara ya Kikagati-Mbarara. Si safari ndefu. Lakini gari lililojaa, linalopanda taratibu kwa gia ndogo, hupata upepo kidogo kwenye rejeta huku injini ikitoa joto jingi. Hapo ndipo udhaifu wa mpira hujitokeza.

Mwinuko unaoiba nyuzi

Kuna jambo jingine ambalo madereva wachache hulifikiria: Mbarara iko juu. Mji huo uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kwa kila mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hupungua kwa karibu nyuzi moja ya Selsiasi.

Kwa hiyo sufuria inayochemka kwa nyuzi 100 Mombasa, Mbarara huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Themostati za injini nyingi hufunguka kati ya nyuzi 76 na 88, na injini iliyobeba mzigo hufanya kazi karibu na nyuzi 90 au zaidi. Nafasi iliyobaki kabla ya maji kugeuka mvuke ni finyu.

Kinachookoa ni mgandamizo. Kifuniko cha rejeta huwa kimechapwa namba kama 0.9 au 1.1: hicho ni kipimo cha mgandamizo, kwa bar, ambao kifuniko kinaushikilia kabla ya kuuachia. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima na mipira yote ikiwa imebana, maji matupu hapa Mbarara hayachemki hadi karibu nyuzi 116.

Mpira wa hita unaovuja hata kidogo huondoa kinga hiyo yote. Mgandamizo hukimbia, kiwango cha kuchemka hurudi kwenye nyuzi 95, na injini ambayo jana ilikuwa salama leo inachemsha kwenye mlima ule ule.

Kambi ya "kata"

Ukienda kwenye gereji na mpira wa hita uliopasuka, ushauri wa kwanza utakaoupata mara nyingi ni mmoja: kata. Fundi huondoa mipira yote miwili na kuunganisha tundu la kutokea na la kurudi kwa kipande kimoja cha mpira, au huziba matundu yote mawili kwa bolti na klipu. Hita inaaga dunia hapo.

Watetezi wa njia hii wana hoja, na ni haki zisikilizwe.

Kwanza, hali ya hewa. Mchana wa Isingiro hauna haja ya hita. Pili, gharama. Rejeta ndogo ya hita ikitoboka, kuifikia ni kufungua dashibodi, kazi inayoweza kumaliza siku nzima, na siku nzima ni mzigo uliokosa kwenda sokoni. Tatu, kila mpira ni mahali pa kuvuja, na kupunguza mipira ni kupunguza mashaka.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Magari ya abiria aina ya Hiace yenye hita ya nyuma hubeba mipira au mabomba marefu yanayopita chini ya gari, yakipigwa na mawe na matope. Ni vigumu kumlaumu mwenye gari anayeamua kuyafunga.

Kambi ya "tengeneza"

Upande wa pili wamo mafundi, mara nyingi wenye umri mkubwa zaidi, wanaoichukulia hita kama kiungo cha gari.

Hoja yao ya kwanza ni usalama wa macho. Asubuhi ya mvua, watu watatu wakipumua ndani ya chumba kimoja chenye vioo vilivyofungwa, kioo cha mbele hujaa ukungu. Hewa ya joto ya hita huukausha kwa dakika chache. Dereva wa Mbarara anayeitwa kupeleka mzigo Kabale, kilomita kama 140 kusini-magharibi na katika mwinuko wa karibu mita 2,000, atakutana na ukungu wa ndani na wa nje kwa pamoja. Kitambaa hakitoshi.

Hoja ya pili ni kwamba hita ni rejeta ya pili. Mshale wa joto ukianza kupanda mlimani na maji bado yapo, dereva anaweza kufungua hita hadi mwisho, kuwasha feni yake kwa nguvu zote na kushusha vioo. Abiria watatoka jasho, lakini sehemu ya joto la injini itatoka pamoja nalo, na mara nyingi hiyo inatosha kufika mahali pa kusimama kwa usalama.

Hoja ya tatu inahusu jinsi injini ilivyosanifiwa. Katika injini nyingi tundu la hita liko nyuma ya silinda hedi, mahali penye joto jingi, na mzunguko wa hita husaidia maji yasisimame hapo wakati themostati imefungwa. Ukiunganisha matundu mawili kwa mpira mmoja, mzunguko unabaki. Ukiyaziba kwa bolti, umeusimamisha.

> Kama ni lazima kukata hita, unganisha, usizibe. Maji yanayozunguka yanapoza. Maji yaliyosimama yanachemka.

Nikizipima hoja za pande zote mbili, naona kosa kubwa halimo katika kukata wala katika kutengeneza. Limo katika kazi ya nusu: kipande cha mpira wa petroli kilichokuwa karibu, waya wa kufungia badala ya klipu, vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyoviringishwa juu ya ufa na kuachwa hivyo kwa mwaka mzima. Dawa ya kufikia gereji hugeuzwa kuwa matengenezo ya kudumu, na hiyo ndiyo inayoua injini.

Gharama ya injini iliyochemsha

Silinda hedi ya aluminiamu ikikaa juu ya bloku ya chuma, vitu viwili vyenye tabia tofauti vimefungwa pamoja. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Katika joto la kawaida gasketi iliyo kati yake huvumilia tofauti hiyo. Injini ikichemsha, hedi hujipinda, gasketi huungua na maji huingia kwenye oili.

Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kupoteza uwezo wa kulainisha. Mwenye gari akiendelea kuliendesha, injini hunoki.

Kuanzia hapo hesabu ni nyingine: kufungua hedi, kuipeleka kusawazishwa kwa mashine, gasketi mpya, oili mpya, siku kadhaa bila kazi. Mita moja ya mpira wa hita ni sehemu ndogo sana ya gharama hiyo. Kwa familia ya Nakivale ambayo pikapu ndiyo mtaji wake wote, tofauti hiyo ni ada ya shule ya muhula, pengine ya mwaka.

Ufa usioonekana

Methali hutuonya tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Shida ya mpira wa hita ni kwamba hupasuka kuanzia ndani, ambako jicho halifiki.

Mipira mingi ya maji ya injini hutengenezwa kwa raba aina ya EPDM yenye nyuzi za kitambaa katikati. Raba hiyo huvumilia joto vizuri, lakini ina maadui wanne.

Wa kwanza ni joto la miaka, linaloifanya ngumu hadi ikatike kama biskuti. Wa pili ni oili: EPDM ikilowana nayo huvimba, hulainika na kunata. Ndiyo maana injini inayovuja oili huharibu pia mipira yake ya maji. Wa tatu ni msuguano, pale mpira unapogusa bati au bolti na kusagwa kidogo kidogo kwa mtetemo wa barabara ya vumbi.

Wa nne ndiye msiri. Maji ya injini yaliyochakaa, vyuma vya aina tofauti na raba yenyewe hufanya kazi kama betri dhaifu. Umeme huo mdogo huchimba nyufa laini ndani ya mpira, hasa sentimita chache kutoka kwenye ncha, karibu na klipu. Kwa nje mpira unang'aa kama mpya. Kwa ndani umeshakatika nyuzi.

Kwa hiyo mpira haupimwi kwa macho peke yake. Hupimwa kwa vidole.

Ukaguzi wa dakika tano

Fanya hivi mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu, injini ikiwa imezimwa na imepoa:

• Bana mpira kwa kidole gumba na cha shahada katikati yake, kisha karibu na klipu. Ukihisi karibu na klipu ni laini zaidi, au kuna mfereji kwa ndani, badilisha.

• Ukiukunja kidogo na kusikia ukikatika, au ukaona nyufa, badilisha.

• Tazama klipu. Unga mweupe, wa kijani au wa waridi pembeni yake ni alama ya maji yaliyovuja na kukauka.

• Pitisha mkono chini ya mpira mahali unapogusa chuma. Msuguano hupenda kujificha upande wa chini.

• Ndani ya gari, gusa zulia upande wa abiria. Likiwa limelowa na lina harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

• Angalia kopo la akiba la maji. Likipungua kila wiki bila tone kuonekana chini, usiongeze maji na kusahau, tafuta yanakokwenda.

Injini ikiwa na joto, fungua hita na uguse mipira yote miwili kwa haraka, ukijihadhari na feni. Yote miwili ikiwa ya moto, mzunguko ni mzima. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, koki imekwama au rejeta ndogo imeziba kwa kutu.

Baadhi ya watengenezaji wa mipira hushauri ibadilishwe baada ya miaka minne hivi, hata kama haijapasuka. Kwa pikapu iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, bila kumbukumbu yoyote, ni busara kuhesabu kwamba muda huo umeshapita.

Kununua na kufunga

Dukani Mbarara, nenda na kipande cha mpira wa zamani. Pikapu nyingi za Kijapani hutumia kipenyo cha ndani cha karibu milimita 16, lakini pima, usikisie. Mpira mpana ukibanwa kwa nguvu kwenye bomba jembamba hukunjamana na kuvuja kwenye mikunjo.

Uliza mpira wa maji ya moto wa injini. Wa petroli umetengenezwa kwa kazi nyingine. Wa kumwagilia bustani hulainika kwa joto na kuchomoka. Mahali penye kona kali tafuta uliofinyangwa na kona yake tayari, kwa maana ulionyooka ukikunjwa hujibana na kuzuia maji.

Wakati wa kuutoa wa zamani, kosa la mafundi vijana ni kuusokota na kuuvuta kwa koleo. Mabomba ya rejeta ndogo ya hita ni membamba na hukatika au kupinda, na hapo kazi ya dakika kumi inageuka kufungua dashibodi. Upasue mpira kwa urefu, taratibu, kwa kisu, kisha uubandue kama ganda la ndizi.

Safisha kutu kwenye bomba. Lowesha ncha kwa maji, kamwe si kwa oili wala grisi. Sukuma mpira uvuke ukingo ulioinuka wa bomba, kisha kaza klipu nyuma ya ukingo huo, si juu yake. Usikaze hadi klipu ikate raba. Baada ya safari ya kwanza, injini ikipoa, rudi ukaze kidogo tena, kwa kuwa raba mpya hubonyea.

Hatua ya mwisho husahaulika: kutoa hewa. Rejeta ya hita mara nyingi iko juu, na hewa hupenda kujificha huko. Simamisha gari pua ikiangalia mlimani, fungua hita, jaza maji polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi na injini ikiwa bado ya baridi, ukiongeza maji hadi mapovu yaishe. Ukisikia sauti ya maji yakibubujika nyuma ya dashibodi, hewa bado imo.

Na injini ikichemsha njiani, usifungue kifuniko ikiwa ya moto. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia mtu usoni. Ngoja nusu saa au zaidi. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyokaukiwa; chuma cha moto kikipata baridi ghafla hupasuka.

Maji ya ziwa na kinywaji cha sumu

Wengi hujaza rejeta kwa maji yaliyo karibu. Maji ya ziwa yana tope. Ya visima vingi yana chumvi na chokaa. Vyote hukaa ndani ya vijia vyembamba vya rejeta ndogo ya hita na kuviziba. Kama kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, haipatikani, maji safi ya mvua ni afadhali. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huzuia kutu, hupandisha kiwango cha kuchemka na kupunguza ule umeme unaokula mpira kwa ndani.

Lakini kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, na hapa lazima tuseme wazi: ni sumu yenye ladha tamu. Mtoto, mbwa au mbuzi akiinywa anaweza kuharibikiwa figo na kufa. Katika makazi ambako chupa ya soda hutumika tena na tena kwa maji ya kunywa, kuhifadhi kulanti ndani ya chupa kama hiyo ni hatari isiyo na kisingizio. Iandikwe, ifungwe, iwekwe juu.

Wala isimwagwe ardhini. Ziwa Nakivale ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo-Nakivali, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Linalisha wavuvi, na watu wanakunywa maji yake.

Elimu katika lugha ya gereji

Vitabu vya matengenezo ya magari haya vimeandikwa Kijapani na Kiingereza. Gereji ya Nakivale huzungumza lugha nyingi: Mkongomani aliyezoea maneno ya Kifaransa ana jina lake la mpira, fundi wa Mbarara ana lake la Kinyankole au Kiingereza, Msomali ana lake. Wanapokutana chini ya boneti moja, wanaelewana kwa Kiswahili.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kwa fundi, maana ya uamuzi huo ingeonekana kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani mwa gereji: picha ya mzunguko wa maji, mahali pa kubana mpira, onyo la kifuniko, onyo la kulanti. Kijana anayejifunza kwa kumtazama bosi wake hurithi ustadi wa bosi huyo pamoja na makosa yake. Karatasi kama hiyo ingemwezesha kuuliza kwa nini.

Kipande ndani ya kisanduku

Asubuhi ile dereva wetu alifanya alichoweza. Alipasua mpira uliokatika, akauchukua ule mzima, akaunganisha tundu la kutokea na la kurudi, akakaza klipu mbili na kujaza maji kidogo kidogo. Tuliingia Mbarara saa nne na nusu badala ya saa mbili. Mnunuzi wa maharage alikuwa ameshanunua kwa wengine. Mama akateremka gari likiwa halijasimama vizuri, mtoto mgongoni, akaelekea hospitalini kwa mwendo wa kukimbia.

Alasiri nilimkuta dereva gereji. Alikuwa ameamua kurudishia mipira yote miwili, mipya, na koki isafishwe. Fundi alichukua kipande cha zamani, akakipasua kwa urefu na kukifungua kama kitabu. Nje kilikuwa cheusi na laini. Ndani, sentimita tatu kutoka kwenye ncha, nyufa zilikuwa zimepangana kama mistari ya kiganja.

Dereva alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akakipangusa, akakitia kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na bima na leseni. Alisema jioni atakwenda nacho kwenye kituo cha pikapu pale Base Camp, akawaonyeshe wenzake. Kabla ya kuwasha gari aliinua boneti tena, akaingiza mkono nyuma ya injini, akabana mpira mpya karibu na klipu kwa kidole gumba, apate kuujua ulivyo ukiwa mzima.